Sufuria Haifunuliwi

Mie pilau yangu siifunui. Nikishafunika, nimefunika mpaka iive. Wako wapishi wa shughuli hapa hapa Mbagala kutwa wanafunua, wanachungulia, wanachokoa na mwiko, wanalamba kidole, wanafunika tena. Mvuke wote unawapita usoni, halafu wanashangaa kwa nini mchele wa juu una kiini na wa chini umekuwa uji.

Mie nasikiliza. Pilau ina maneno yake. Kwanza inabubujika kwa kelele, kama watu wanaogombea maji bombani. Maji yakipungua inaongea kwa chini, kama wanawake wanaomsengenya mtu aliye chumba cha pili. Halafu inanyamaza kidogo, na ikishanyamaza inaanza kutatarika: tat, tat, tat. Hapo ndipo unavuta kuni zote, unabakisha makaa ya chini, na mengine unayapanga juu ya mfuniko. Hiyo ndiyo kupalia. Ukivuta kuni mapema umewalisha watu bokoboko. Ukichelewa, chini inaungua, na harufu ya kuungua haitulii chini, inapanda mpaka punje ya juu kabisa. Haina dawa. Watu watakula huku wanaangaliana, na wewe utawaona wanavyoangaliana.

Kazi hii nilifundishwa na mke mwenzangu. Nilikuja mjini nikitokea Lindi, msichana wa darasa la nne asiyejua hata kukuna nazi vizuri, nikaingia kwenye nyumba ya mtu mwenye mke. Yule bibi alikuwa Mzaramo wa Temeke, mpishi anayeitwa mpaka Bagamoyo. Hakunipenda na hakujificha. Salamu yangu alikuwa anaijibu kwa kukohoa. Lakini alihitaji mtu wa kumsaidia, na mtu aliyekuwepo ni mie. Akifunika sufuria, alikuwa ananivua kanga ya kichwani, ananifunga nayo macho, ananikalisha kwenye kigoda karibu na moto mpaka magoti yananiuma kwa joto. Anauliza, "Inasema nini?" Basi. Nikijibu vibaya hasemi kitu. Anaiacha pilau ya nyumbani iungue, kisha ananipakulia ile iliyoungua mie peke yangu, yeye na mume wanakula mkate. Nimekula moshi mwingi kwenye nyumba ile. Lakini nilipokuja kufunguliwa macho nilikuwa mpishi, na alipofariki mwiko wake mkubwa nikarithi mie, si binti zake.

Huo mwiko nami nilishajua nitampa nani. Ninaye mjukuu niliyemlea tangu ananyonya kidole. Babu yake, Mungu amrehemu, alikuwa anamwita "mke wangu". Mkate wa kumimina anamwekea yeye kipande cha katikati, mie natupiwa pembe. Kwa hiyo mie nikawa namwita mke mwenzangu, na mpaka leo namwita hivyo. Amekulia kwenye kigoda kile kile, pembeni ya sufuria zangu, tumbo nje, na kipande cha ukoko mkononi. Nilijua huyu ndiye.

Alipomaliza kidato cha nne akaniambia anakwenda kujifunza ufundi magari, gereji moja kule Temeke. Nilidhani ananitania. Kesho yake akarudi mweusi mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia mikono hiyo haitagusa tena vitunguu vyangu. Akacheka, akaniambia, "Haya, mke mwenzangu, mwiko wako utazikwa nao." Tulikaa siku nyingi tunaongea mambo ya chumvi na mafuta ya taa tu.

Sasa nieleze habari ya sikio, maana bila sikio hamtaelewa.

Sikio langu la kushoto lilikufa mwaka jana. Halikuuma wala halikutoa usaha, lilizima tu kama taa. Mie sikumwambia mtu, nikawa najikalisha upande ule ambao watu watakuwa kulia kwangu. Aliyegundua ni yeye, fundi. Alirudi kutoka kazini akaniamkia akiwa amesimama kushoto, akaamkia tena, akazunguka kulia akaamkia mara ya tatu, nikaitikia. Baadaye akanipeleka hospitali, daktari akasema mshipa wa humo ndani umekufa, akashauri nivae mashine. Nikamwambia mjukuu wangu tuondoke. Nani atamwita mpishi aliyevaa redio sikioni? Na hili la kulia lipo, nikasema, linatosha. Akanitazama, akasema, "Linatosha pakiwa kimya, bibi."

Basi ikaja harusi ya mtaani kwetu. Mama wa bibi harusi ni mjane, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mpole mpaka unamwonea huruma. Dada yake mkubwa anakaa Boko, nyumba ya geti, na huyo alitaka chakula kiletwe na watu wa kukodi, wale wanaokuja na masinia ya kung'aa na mishumaa chini yake. Waliketi kikao cha ukoo, wakabishana. Huyu jirani yangu, ambaye sijawahi kumsikia akimbishia mtu hata muuza dagaa, siku hiyo alisema, "Pilau ya mwanangu atapika bibi wa jirani, na kama itaharibika lawama nibebe mie." Aliniambia mwenyewe, ananong'ona kwenye sikio langu zuri, huku anatazama mlangoni kama aliyeiba.

Kwa hiyo mnaona. Haikuwa sufuria tu. Ikiungua, huyu mama atasimangwa na dada yake mpaka kaburini, kila msiba, kila Idi. Na mie mwiko nitautundika ukutani. Hakuna atakayekuja kunifukuza kazi. Wataacha tu kuniita.

Siku ya harusi nilianza vizuri. Jiko lilikuwa uani, mafiga matatu makubwa, na mabati ya kukinga upepo nimeyapanga mwenyewe kwa mkono wangu. Vitunguu nilivikaanga mpaka vikafika rangi ninayoitaka. Nyama ililainika. Bizari, mdalasini, iliki, karafuu, vyote vikatoa harufu mpaka watoto wakajaa mlangoni. Mchele ulikuwa mpya, na mchele mpya ni mkorofi, hautaki maji mengi, ukikosea kidogo unalegea. Nikapima maji kwa jicho, nikamimina, nikakoroga mara ya mwisho. Wakati nimeinama hivyo kwenye sufuria, vijana wa muziki wakaingia uani na spika.

Mbele ya nyumba kulikuwa kumejaa viti na maturubai, na waya wa umeme ulikuwa haufiki. Kwa hiyo wakaamua spika moja ikae nyuma, karibu na jiko langu, ipitishe sauti uchochoroni. Spika yenyewe ilikuwa ndefu kunizidi mie. Nilidhani wanaiweka tu. Nikafunika sufuria yangu, nikakaa kwenye kigoda, nikageuza sikio la kulia.

Wakawasha singeli.

Sijui niseme nini. Ilikuwa haiingii sikioni, ilikuwa inaingia kwenye meno. Maji kwenye beseni la vyombo yalikuwa yanacheza. Nikainamisha kichwa karibu na sufuria mpaka joto likanichoma shavu, sikusikia kitu. Nikahamisha kigoda. Sikusikia kitu. Nilikuwa kama wamenifunga tena macho na kanga, safari hii wamefunga kotekote.

Nikaenda kwa kijana wa muziki. Aliniamkia vizuri, shikamoo bi mkubwa, akashusha kidogo anisikilize. Nikamwomba azime kwa muda tu, pilau iko mahali pabaya. Akanijibu kwa adabu kabisa kwamba msafara wa bwana harusi umeshatoka msikitini, uko njiani, na dijei anayezima muziki msafara unapoingia hataitwa tena mahali popote. "Na mie hii ndiyo kazi yangu, bibi," akasema. Alikuwa ananieleza shida yangu mwenyewe kwa mdomo wake. Nilipogeuka tu akapandisha.

Nikarudi mbio, kama mwanamke wa magoti yangu anaweza kuita huko kukimbia. Na pale kwenye sufuria nikamkuta dada mtu, yule wa Boko. Amejifunga kanga ya sare kiunoni, simu mkono mmoja, na mkono wa pili ameuviringishia kitambaa, unaelekea kwenye mfuniko.

Akaniamkia. Kisha akasema, kwa sauti ile ya kumbembeleza mgonjwa, kwamba si tufunue tu tuone imefika wapi, maana wageni wanaingia, na siku hizi hata mahoteli makubwa wanafunua. Alikuwa anapiga kelele ili muziki usimmeze, kwa hiyo uani kote walisikia. Wanawake waliokuwa wanakata kachumbari wakaacha visu.

Nikalaza mwiko juu ya mfuniko.

"Ukifunua, maliza kupika wewe," nikamwambia.

Mkono ukarudi. Lakini hakuondoka. Akasimama pale pale, akatazama simu yake, akanitazama mie. Sijui alikuwa anawatafuta watu wa masinia au anataka kunipiga picha. Na mie nimesimama na mwiko wangu kama askari, sijui hata kama ndani mna maji au mmekauka. Hiyo ndiyo ilikuwa hali. Niseme vuta kuni? Kwa kipi? Niseme tuziache? Kwa kipi? Nikinusa, nanusa bizari, na bizari inanukia vizuri mpaka dakika ile ambayo umeshachelewa.

Mjukuu wangu akaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa ameniahidi atakuja baada ya kazi, aoge, avae gauni. Hakuoga wala hakuvaa gauni. Alikuwa na ovaroli lake, mafuta mpaka kwenye viwiko, kilemba cha kanga kimelala upande. Baadaye aliniambia alisikia ule muziki tangu kituoni, akajua.

Wanawake wakamwona, mmoja akasema jamani msimsogeze huyo kwenye chakula. Yeye hakumtazama mtu. Alitazama spika, akatazama sufuria, akanitazama mie usoni. Akaja upande wa kulia.

"Umefunika zamani?"

"Kitambo."

"Unasikia?"

Nikatazama mfuniko. Dada mtu alikuwa ananitazama.

Akatia mkono kwenye mfuko wa ovaroli, akatoa bisibisi. Ndefu, ya mpini wa njano, chafu. Nikampiga kofi mkononi mbele ya watu wote.

"Toa chuma chako cha magari kwenye chakula cha watu."

"Siingizi ndani, bibi. Inagusa nje tu."

Akaifuta kwa pindo la kanga yangu, hata hakuomba. Akachuchumaa, ncha ya bisibisi akaiegemeza ubavuni mwa sufuria, juu ya pale moto unapoishia, na mpini akaukandamiza kwenye mfupa ule wa nyuma ya sikio. Sikio lenyewe akaliziba kwa kidole. Kisha akafumba macho.

Hakuna aliyemwambia afumbe macho. Mie nikasahau kama kuna muziki.

"Inasema nini?" nikamwuliza. Na maneno yalipotoka nikayajua ni ya nani.

"Kama rejeta iliyochemka."

"Sijui rejeta. Niambie kwa Kiswahili."

Wanawake wakacheka, na mie nilikuwa sichekeshi. Akatabasamu bila kufumbua macho. Akasema inabubujika, mabubujiko mazito, ya karibu karibu. Nikamwambia bado, asitoe sikio. Tukakaa hivyo. Dada mtu akauliza tunafanya nini, hakuna aliyemjibu. Nikainama mpaka mdomo wangu uko kwenye uso wa mjukuu, nikawa nauliza, naye ananijibu, na sote wawili tulikuwa mtu mmoja: yeye ana sikio, mie nina maana.

"Imeshuka," akasema. "Sasa wanasengenyana."

Hayo ni maneno yangu. Sikumfundisha, aliyaokota mwenyewe pale kwenye kigoda, utotoni.

"Kaa hapo hapo. Itanyamaza."

Msafara ukaingia mtaani wakati huo huo. Honi, vigelegele, matarumbeta, na yule kijana akafungulia spika yake mpaka mwisho kama alivyosema atafanya. Watu wote uani wakakimbilia mbele kumwona bwana harusi. Tukabaki watatu na sufuria: mie, mjukuu wangu, na dada mtu, ambaye angeweza kwenda kushangilia kama wenzake lakini hakwenda.

"Imenyamaza," mjukuu wangu akasema. Nilimsoma mdomo zaidi ya kumsikia. Kisha akainua kidole, akakishusha, akakiinua, akakishusha. Tat. Tat. Tat.

Nikashika ukuni wa kwanza nivute.

"Ngoja, bibi."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia ngoja mbele ya sufuria tangu alipokufa yule bibi aliyenifundisha. Nikamtazama. Alikuwa ameshahama. Alizunguka upande wa pili, upande wa ukutani, akaegemeza bisibisi yake pale, akafumba macho tena. Akaenda nyuma. Akarudi mbele. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Huku bado inabubujika."

Nikamwambia haiwezekani. Sufuria ni moja, maji ni yale yale, ikikauka imekauka. Miaka yote nimesikiliza hivyo, nimekaa mahali pamoja, nimetega sikio, na haijanidanganya.

"Bibi, injini nayo ni moja, lakini silinda moja inaweza kufa na nyingine zinafanya kazi. Ndiyo maana tunapima moja moja." Alikuwa ananong'ona kwa kupiga kelele, kama mnajua ninavyosema. "Upande huu unatatarika. Upande ule una maji. Niamini."

Sasa fikirieni. Nikivuta kuni zote, nusu ya pilau ni bokoboko. Nikiacha, nusu inaungua, na ikiungua nusu imeungua yote. Na anayeniambia haya ni binti mwenye grisi kwenye kucha, ambaye hajawahi kupika pilau ya peke yake hata ya kikombe kimoja. Niliwahi kumpinga kwa mambo madogo kuliko hili. Mkono wangu ulikuwa bado umeshika ukuni, joto linapanda, siuoni hata moto.

Ndipo nikautazama moto. Ndimi zote zilikuwa zimelala upande mmoja, zinalamba upande ule ule unaotatarika. Upande wa ukutani moto ulikuwa hafifu. Nikainua macho: mabati yangu hayapo. Vijana wa muziki waliyaondoa kupata nafasi ya spika, wakayaegemeza chooni, na mie nilikuwa nimeshughulika na masikio mpaka sikuwa na macho. Upepo wote ulikuwa unapita chini ya sufuria yangu kuelekea uchochoroni.

"Vuta za upande huu tu," nikamwambia. "Za kule ziache. Wewe," nikamgeukia dada mtu, na sikumwita kwa heshima yoyote, "niletee bati lile."

Akalileta. Na kitambaa chake na simu yake, akalibeba, akalikinga pale nilipomwonyesha, akalishika kwa sababu halikuwa na cha kuegemea. Tukavuta kuni za upande mmoja, nikachota makaa kwa koleo nikayapanga nusu ya mfuniko. Nusu. Sijawahi kupalia nusu, wala sijawahi kuona mtu akipalia nusu. Kama yule bibi angeniona angenilisha moshi mwaka mzima.

Tukangoja. Mjukuu anapiga magoti huku, anahama, anapiga magoti kule. Ananionyesha kwa mkono: huku kimya, kule bado. Huku kimya. Kule bado. Nilikuwa natamani kufunua. Nasema hili kwa sababu ni kweli: mie nisiyefunua, nilitamani kufunua mpaka vidole vikaniwasha.

"Lete," nikamwambia.

Akanipa bisibisi. Mpini ulikuwa una joto la mkono wake. Nikapiga magoti, nikaegemeza ncha upande wa ukutani, nikakandamiza mpini nyuma ya sikio la kulia kama alivyofanya yeye. Mwanzo sikupata kitu, nikausogeza kidogo. Na ghafla ile singeli ikaenda mbali, kama inapigwa Kawe, na sufuria yangu ikaingia kichwani. Si karibu na kichwa, ndani. Nilisikia kila tone. Sijawahi kuisikia hivyo hata nilipokuwa na masikio mawili. Walikuwa wanasengenya polepole, wanamaliza maneno, mmoja anaaga, mwingine anaaga. Kimya. Kisha ile ya kwanza, ndogo, kama ukucha unagonga bati.

Tat.

"Vuta zote," nikasema. Tukavuta zote, nikapalia nusu iliyobaki, nikakaa chini mchangani miguu imenyooka kama mtoto.

Mfuniko niliufunua mwenyewe, wanaume wameshaketi, masinia yameshapangwa, na mama wa bibi harusi amesimama nyuma yangu ameshika nguzo. Nilifagia majivu yote kwanza, taratibu, hakuna aliyeniharakisha. Nikafunua nikatumbukiza pua kabla mvuke haujaisha. Bizari. Iliki. Nyama. Nikangoja ile nyingine, ile mbaya. Haikuja. Nikazamisha mwiko upande wa ukutani, nikageuza: punje moja moja, zimesimama. Nikazamisha upande wa uchochoroni, nikakwaruza mpaka chini. Kulikuwa na ukoko, mnene kuliko ninavyotaka, rangi ya ngozi ya kiatu. Haukuwa mweusi.

Mama wa bibi harusi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika magoti yake, akawa anatikisa kichwa. Nikamwambia ainuke, ndoo ile naitaka.

Watu walikula, na mie nikawatazama wanavyokula. Hawakuangaliana, waliangalia masinia. Baadaye, wageni wameanza kunawa, dada mtu akaja uani na kisahani chake. Alikuwa na mstari wa masizi kwenye sare yake, kifuani, pale alipokumbatia bati. Akasimama. Hakuomba radhi wala sikuwa nazihitaji. Aliomba ukoko. Nikambandulia kipande kigumu kuliko vyote, na alikitafuna chote pale pale amesimama, nikaona kumbe huyu mama amelelewa na watu.

Tulikuwa tunasugua sufuria, mie na mjukuu wangu, yeye kazama humo ndani mpaka mabega, miguu tu nje. Nikamwuliza ule ujanja wa bisibisi kaupata wapi. Akasema fundi mkuu wao ndiye aliyewaonyesha wanafunzi wote, siku ya kwanza. Kila mmoja akaegemeza, akasikiliza, na fundi akawauliza wanasikia nini. Vijana wote wakasema kelele tu. Ilipofika zamu yake, akamwambia fundi kwamba kuna sauti ya chini inayoongea, na nyingine juu yake inayogonga, na ile inayogonga inachelewa kidogo. Wakafungua injini, wakaikuta.

"Akaniuliza umejifunza wapi kusikiliza," akasema, sauti yake inavuma ndani ya sufuria. "Nikamwambia kwenye pilau ya bibi yangu. Walicheka wote. Mpaka leo gereji nzima wananiita Pilau."

Nikaendelea kusugua mfuniko. Nilisugua mahali pamoja muda mrefu, palipokwisha kung'aa zamani. Yeye akatoa kichwa kutazama kama nimemsikia, maana alikuwa kushoto kwangu.

Nilikuwa nimemsikia.

"Kumbe ni wewe," nikamwambia. "Mume wangu ulininyang'anya, nikakusamehe. Na sikio nalo umebeba. Haya, lete hiyo bisibisi, mke mwenzangu, hiyo leo hairudi Temeke."

Akaifuta tena kwa pindo la kanga yangu, akanipa.